Kwato Nne za Punda Milia

Mama yangu hajawahi kucheza gemu, na simu yake ni ya vitufe, lakini uhakiki bora wa World of Warcraft nilioupata mpaka leo niliupata kwake, nyumbani Ujiji, jioni moja ya Juni 2024. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai mkononi. Kwenye skrini nilikuwa nimemwua mnyama wa nane. Nikaufungua mzoga, nikakuta kipande cha nyama tu, nikasonya, nikaanza kumtafuta wa tisa.

"Unatafuta nini humo?"

"Kwato, Mama."

"Na huyo hakuwa na kwato?"

Nikamweleza kwamba alikuwa nazo, hata yeye amemwona akikimbia, ila hazikutoka.

"Hazikutoka zikaenda wapi? Alikuja hapa kwa magoti?"

Akaenda zake jikoni. Mimi nikabaki na swali lile, na bado ninalo.

Kwa msomaji ambaye hajaingia humo: World of Warcraft ilitoka mwaka 2004, na toleo lake la zamani lilirudishwa mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaopenda mambo yabaki yalivyokuwa. Maelfu ya watu hutembea katika dunia moja kwa wakati mmoja. Mimi nililipakia kwenye laptopu nikiwa hosteli Dar es Salaam, laptopu hiyo hiyo yenye sura mbili za tasnifu yangu ya uzamili. Ada ya mwezi ananilipia binamu yangu aliyeko Muscat. Anasema ni nafuu kuliko kunipigia simu, kwa kuwa humo ndani tunatembea pamoja huku tukiandikiana habari za nyumbani: nani ameoa, nani amefariki, dagaa wanauzwaje.

Kuna sehemu ya dunia hiyo iitwayo The Barrens, nyika ya majani ya manjano yenye simba, twiga na miti iliyokaa mbalimbali, mithili ya Serengeti ya kwenye kalenda. Katikati yake kuna kijiji, na kijijini kuna mwanamke aitwaye Sergra Darkthorn ambaye anawafundisha wageni uwindaji. Kwanza anataka midomo saba ya ndege mrefu wa mbugani. Ukimletea, anataka kwato nne za zhevra, ambaye ni punda milia mwenye pembe moja. Baada ya hapo kucha saba za simba. Ukisikia mara ya kwanza unapiga hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza: kwato nne, mnyama mmoja, kazi imekwisha. Mimi niliua 11. Zilitembea mbele yangu kwato 44, nikapata nne.

Wachezaji wa dunia nzima wameucheka mzaha huu kwa miaka mingi. Kicheko ndicho kilichonifanya niamini kwamba kuna jambo ndani yake, maana watu hawacheki kitu kimoja miaka yote hiyo kama hakiwakeri.

Mjomba wangu naye alichungulia siku nyingine, akacheka kwa sababu tofauti. "Mpwa wangu, hizo ni nyara za Serikali. Utafungwa."

Hakukosea. Neno ambalo Kiswahili kinalo kwa kile mchezaji anachokiokota katika mzoga ni nyara, neno la vitani, mali ya aliyeshindwa. Lakini mtu aliyekulia Kigoma hawezi kulisikia neno hilo bila kuongeza "za Serikali", kwa sababu ndivyo linavyokuja katika taarifa za habari na mahakamani: fulani amekutwa na nyara za Serikali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, jino, ngozi, unyoya, yai, hata ukwato mmoja wa punda milia ni nyara, na ukikutwa nao bila kibali una kesi. Kwa hiyo mimi na Sergra tunasoma maneno mamoja katika lugha mbili. Kwake ukwato ni somo. Kwa mjomba, anayeishi saa chache kutoka misitu ya Gombe na Mahale, ukwato una mwenyewe hata kabla mnyama hajafa.

Nilidhani kwa muda kwamba tofauti ni hiyo tu, kwamba gemu limetungwa na watu wa mbali wasiojua mnyama ni wa nani. Kisha nikakumbuka kwamba uwindaji wa humo una asili, na asili yake ni huku kwetu.

Ng'ambo ya bahari kutoka ile nyika kuna msitu wa Stranglethorn, na ndani yake kambi ya mwindaji mmoja mfupi mwenye bunduki, Hemet Nesingwary. Zipange upya herufi za jina hilo utapata Ernest Hemingway. Hemingway aliwinda Tanganyika msimu wa 1933 na 1934, akaugua kuhara damu akapelekwa Nairobi kwa ndege, akapona akarudi kutafuta tandala, kisha mwaka 1935 akachapisha kitabu, Green Hills of Africa. Watunzi wa gemu wameandika kitabu chao, The Green Hills of Stranglethorn, wakakichana. Kurasa zake zimetawanyika msituni, na unazipata kwa kuua viumbe, ukurasa mmoja mmoja, wakati mwingine ukurasa ule ule mara tatu na unaoutaka haupo. Wenye haraka wanakwenda kuzinunua mnadani kwa wachezaji wenzao. Mwanafunzi wa fasihi akikutana na kitu hiki anasimama kidogo. Kitabu cha mwindaji kinatolewa katika matumbo ya wanyama, na thamani ya ukurasa haitokani na lililoandikwa bali na ugumu wa kuupata. Sijui kama walikusudia kejeli kali kiasi hicho. Naipenda hata kama ni bahati.

Nyongeza ya mwaka 2008 ikaleta wapinzani wake, kundi la watetezi wa wanyama katika nchi ya barafu, walioapa kumkomesha Nesingwary na watu wake. Nilifika huko mwaka 2023 kwa kumtumia mhusika wa binamu yangu, nikiwa na hamu ya kuona gemu likijihakiki lenyewe. Mmoja wao akanipa kazi. Niwaue vibaraka wa Nesingwary, nilete masikio yao 15.

Nilicheka hosteli mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Gemu lilitaka kusema kwamba si vema kumgeuza kiumbe idadi, na sentensi pekee lililokuwa nayo ya kulisemea jambo hilo ni "leta masikio 15." Wapo wahakiki wanaolitetea hapo, wanasema hiyo ni kejeli, gemu linajua linachofanya. Labda. Lakini kejeli unayotakiwa kuitekeleza kwa mikono yako kwa robo saa inafanana mno na kile inachokikejeli.

Sura ya pili ya tasnifu yangu inahusu kitabu kingine kinachohesabu, nacho ni cha njia yetu hii: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara yake na ya wenzake, kati ya Manyema ng'ambo ya ziwa na Tabora, hadi pwani. Nimeisoma habari ile mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Pembe zimo kila mahali, kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Tembo aliye hai, anayekula, anayetembea, ni wa kumtafuta. Mnyama anaingia katika maandishi pale tu alipokwisha kuwa uzito. Na katika njia hiyo hiyo watu nao walihesabiwa, waliobeba pembe na waliouzwa pamoja nazo. Bibi yangu upande wa baba alikuwa Mmanyema, na kwetu swali la ukoo wake ulifikaje huku upande wa ziwa halikuulizwa mezani. Kwa hiyo naona ugumu kidogo mtu anaponiambia kwamba kuhesabu viumbe ni utani wa magemu tu.

Walakini, katika jambo moja gemu linamzidi mfanyabiashara. Punda milia wa Barrens namwona kabla sijamwua. Anakula majani, anapiga mkia, ana mwendo wake. Ndiyo maana Mama aliweza kuuliza. Msomaji wa frasila hana pa kuanzia kuuliza ukwato ulikokwenda.

Basi ulikwenda wapi?

Jibu langu linaanzia mwaka 1997, katika gemu lililotangulia, Ultima Online. Waundaji wake, Richard Garriott na Raph Koster miongoni mwao, walikuwa na wazo ambalo hata leo ni la ujasiri: wanyama wa humo wawe na njaa. Majani yaote, walao majani wayale, walao nyama wawale hao, na joka likikosa mawindo porini lisogee karibu na makazi ya watu. Dunia iwe na mizani yake yenyewe. Kisha wakaingia wachezaji. Wakaua kila kilichotembea, upesi kuliko kilivyoweza kuongezeka, sungura kwa mbwa mwitu, mpaka ule utaratibu wote uliotungwa kwa uangalifu ukawa hauna mtu wa kuuona. Garriott amekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara ni kisa cha kushindwa. Mfumo ukaondolewa.

Angalia uamuzi uliokuwa mezani. Mchungaji mwenye nyasi chache ana njia mbili: apunguze midomo au aongeze nyasi. Waundaji hawakuweza kuwapunguza wachezaji, kwa kuwa wachezaji ndio walipaji. Wakawafanya wanyama wasiishe. Yaliyofuata, World of Warcraft likiwamo, yamerithi suluhisho hilo kiasi kwamba hatulioni tena kama suluhisho. Punda milia wa Barrens hazaliwi. Hurudi. Ukimwua, baada ya dakika chache anasimama karibu na pale pale, mzima, mkubwa wake ule ule. Sijawahi kuona mtoto wa zhevra.

Lakini nyika isiyoisha ina tatizo lake. Kama wanyama hawaishi na kila mmoja ana kwato nne, kazi ya Sergra ni ya dakika moja, na ngozi sokoni haina bei. Lazima uhaba utoke mahali. Umeng'olewa porini, basi ukatiwa ndani ya mzoga. Hii ndiyo maana ya zile kwato zilizopotea, kwa jinsi ninavyoelewa mimi. Si uzembe wa mtunzi, na wala si mzaha. Ni deni la kile kilichofutwa mwaka 1997. Kwa kuwa dunia ya humo haiwezi kusema kweli juu ya idadi ya wanyama wake, inalazimika kusema uongo juu ya mwili wa kila mmoja.

Ninaweza kuliona hili kwa urahisi kwa sababu ya mahali nilipokuwa nimekaa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kwa mara ya kwanza, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Nilirudi nyumbani kuandika tasnifu katikati ya miezi hiyo mitatu. Mama anauza dagaa. Ananunua mwaloni Katonga au Kibirizi, anaanika, anajaza magunia, yanakwenda Dar es Salaam. Ada yangu ni dagaa tangu kidato cha kwanza. Mwezi ule awamu ya pili ya ada ilikuwa bado ziwani.

Mwalo uliofungwa ni kitu cha ajabu kukiona. Mitumbwi imepandishwa mchangani, imefunikwa maturubai. Vichanja vya kuanikia vitupu, mbuzi wamelala chini yake. Kilichonitisha zaidi ni usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola, na mtoto wa Ujiji hukua akijua kwamba ukitazama ziwa usiku wa giza kuna mji mwingine kule, unaowaka. Mji ule ulikuwa umezimwa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na mgeni akisikia hivyo hudhani samaki hawana mwisho. Lakini hewa ya kuvuta samaki iko tabaka la juu tu. Ukishuka mita 200 hivi ni maji yasiyo na kitu cha kuishi isipokuwa vijidudu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto linaloongezeka limepunguza kuchanganyika kwa maji, rutuba ya chini haipandi kama zamani, na uzalishaji wa chakula cha ziwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Ongeza nyavu na mitumbwi juu yake. Huo ni uhaba uliokaa mahali pake, majini. Dagaa mwenyewe, yule aliyevuliwa, hakudanganyi. Ana kichwa, ana mkia, na kama ni jike katika msimu wake Mama anamminya tumbo kwa kidole gumba anakuonyesha mayai. Hakuna dagaa anayetoka wavuni bila macho.

Sitaki kulipamba ziwa ili nilipigie gemu. Nilijaribu kumweleza Mama nadharia yangu, ya uhaba wa porini na uhaba wa mzogani, akasikiliza huku anapima mawese. Alikuwa amegeukia mawese miezi ile, na faida yake ilikuwa ya kununulia sukari. Akasema, "Bora wako wewe, wanarudi." Kisha, baada ya kufunga dumu: "Wangu nikisubiri, nasubiri na tumbo."

Nimelipigania jibu hilo kwa wiki kadhaa na sijalishinda. Yeye hakuwa anapinga ziwa kupumzishwa. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba lumbu wanaoletwa siku hizi wangefaa kwanza waachwe wakue. Alichokuwa anasema ni kwamba kusubiri kuna mlipaji. Katika gemu, anayelipa ni binamu yangu, kwa kadi ya benki, na anachonunua ni kusubiri kwenyewe, jioni nzima ya kutafuta kwato. Ziwani, kuongezeka kwa samaki kulilipwa na wanawake wa mwaloni na vijana wanaovuta nyavu. Uhaba wa kweli una heshima kuliko ule wa uongo, naam, lakini ni rahisi kuisifu heshima hiyo ukiwa na laptopu.

Na gemu lina jambo moja ambalo hakuna aliyelitunga, ndilo linalonifanya niendelee kulicheza. Humo, mnyama hachuniki ngozi mpaka aliyemwua amechukua kwanza vyake. Akiondoka bila kumfungua, mzoga unakaa pale, ngozi haipatikani kwa mtu yeyote, hatimaye unatoweka. Akimfungua, mtu mwingine mwenye kisu na ufundi anaweza kuja kuchuna. Kwa hiyo wachezaji wastaarabu hufungua kila mzoga hata kama hawana haja nao, kwa ajili ya mtu watakayempita njiani. Hakuna sheria. Siku niliyomaliza kwato zangu, mtu nisiyemjua alikuwa akinifuata nyuma kwa umbali wa adabu, akichuna punda milia wangu mmoja baada ya mwingine. Nilipopata ukwato wa nne aliinama mbele yangu, tukaachana.

Kwetu, ukisaidia kuuvuta mtumbwi nchi kavu, hata uwe mtoto, hata uwe mpita njia, hupewi hela lakini huondoki bila kitoweo. Konzi ya dagaa kwenye kanga au kofia. Nilipomwambia mjomba habari ya yule mgeni mwenye kisu aliacha kucheka kwa mara ya kwanza. "Huyo alilelewa," akasema.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Mchana kutwa mwaloni palikuwa na kelele za nyundo, watu wakiziba mitumbwi, wakijaribu taa. Jioni nikashuka na Mama kutazama. Mwezi ulikuwa tayari juu, mkubwa, umebakiza siku nne kuwa mpevu, ziwa lote jeupe kama sinia. Na taa haifanyi kazi kwenye mbalamwezi. Dagaa hana sababu ya kuifuata. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake amekunja mikono.

"Tarehe imefika," akasema. "Mwezi haujaambiwa."

Mama akaketi juu ya beseni lililofunikwa. Wakakubaliana kwamba wangengoja mwezi utue, usiku wa manane ukishapita, wapate giza kidogo kabla ya alfajiri. Nikarudi nyumbani. Binamu alikuwa ameniandikia kutoka Muscat, anauliza kama ziwa limefunguliwa kweli, na kama nimemaliza kucha za simba. Nikamjibu la kwanza. Mwezi ulipokwisha kutua mbwa wa jirani akabweka, nikatoka uani, na kule ziwani taa ya kwanza ilikuwa imewashwa, kisha ya pili, mbali nayo.